MSAIDIE NDUGU YAKO, AONEWAYO NA AONEAYE



Miongoni mwa mafundisho ya Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. limo fundisho moja ambalo lilipotamkwa mara ya kwanza liliwashangaza hata Masahaba wake. Aliwaamuru kila mmoja amsaidie ndugu yake, akiwa ndugu huyo amedhulumiwa au akiwa yeye ndiye dhalimu. Wakamwuliza: kumsaidia aliyedhulumiwa twakufahamu, lakini dhalimu asaidiweje? Mtume s.a.w. akawaeleza ya kuwa msaada wa dhalimu ni kuuzuia mkono wake usidhulumu.

Fundisho hili ni fupi, lakini ndani yake mna nusu mbili, na wanadamu wengi huishika nusu moja tu. Kumhurumia aonewaye si jambo gumu sana, hasa akiwa mbali nasi. Kumzuia aoneaye ndiko kuliko kugumu, hasa akiwa ni rafiki yetu, kiongozi wetu, jirani yetu au mtoto wetu. Leo twataka kuzitazama nusu zote mbili kwa kutumia mambo yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe, katika Nyanda za Juu za Kusini, Mbeya na Iringa, ili wale walioingia katika Uislamu karibuni, na wale ambao bado wanachungua, wapate kufahamu jinsi dini hii inavyozitazama haki za binadamu.

MAPATANO YA MAKKA

Wako watu wadhanio kwamba haki za binadamu ni jambo lililozaliwa tarehe 10 Desemba, 1948, siku ambayo Umoja wa Mataifa ulitoa Tangazo lake maarufu. Tangazo hilo ni jema, nasi hatulidharau. Lakini yafaa ifahamike kwamba zaidi ya miaka 1,300 kabla yake watu wachache wa Makka walikutana kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, huko Yemen, alileta mali yake Makka, akaiuza kwa Aas bin Wail, mmoja wa wakubwa wa mji. Aas akaichukua mali na kukataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na kabila la kumtetea wala ndugu wa kumlilia. Akapanda juu ya mlima Abu Qubais, Makureshi wakiwa wameketi karibu na Al-Kaaba, akatangaza kwa sauti kuu dhuluma aliyotendewa. Hakuwa na silaha yoyote ila sauti yake. Ndipo Zubair bin Abdul-Muttalib alipoinuka, na baadhi ya koo zikakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Wakaenda kwa Aas, wakamrudishia mgeni mali yake. Mapatano hayo yaliitwa Hilful Fudhul.

Kijana mmoja alihudhuria mapatano hayo. Jina lake Muhammad, mwana wa Abdullah. Utume ulikuwa bado haujamfikia. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kuwa Mtume na kuwa na umma mkubwa nyuma yake, alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye mapatano kama yale, hata katika Uislamu, angeitika. Zingatieni, ndugu zangu: walioapa siku ile hawakuwa Waislamu, na aliyetetewa hakuulizwa kabila lake wala mungu amwabuduye. Aliulizwa jambo moja tu: je, umedhulumiwa?

MGENI WA MBEYA

Sasa na tuje kwetu. Mwezi wa Januari, 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa majuma machache tu, ndege ndogo ilitua Mbeya ikitoka Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Ndani yake alikuwamo mtu aliyetoka kwao kwa siri, bila ya ruhusa ya serikali yake. Mtu huyo ni Nelson Mandela. Katika hoteli moja ya Mbeya aliona jambo ambalo kwao Afrika ya Kusini hakuwahi kuliona: watu weupe na watu weusi wameketi barazani pamoja, wakizungumza bila ya mmoja kumfukuza mwenziwe. Akapata habari ya kuwa Mbunge John Mwakangale alikuwa amekwisha fika hapo kumwulizia. Baadaye Mandela aliandika kwamba ni katika safari ile ndipo alipojiona kwa mara ya kwanza kuwa mtu huru. Kutoka Mbeya alikwenda Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, baada ya kurejea kwao, alikamatwa, akakaa kifungoni miaka 27.

Kisa hiki chatukumbusha kisa kingine. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Mtume s.a.w. aliwashauri wakimbilie Habasha, katika bara hili letu la Afrika, kwa mfalme Mkristo Najashi, ambaye katika nchi yake mtu hakudhulumiwa. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Najashi akakataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Na alipokwisha msikia Jafar bin Abi Talib akieleza mateso yao, akazirudisha zile zawadi. Kwa hiyo Uislamu wenyewe, katika utoto wake, uliwahi kuwa mkimbizi, na Afrika ndiyo iliyoupokea. Mwislamu anayemfungia mlango mkimbizi amesahau historia yake mwenyewe.

Watu wa Nyanda za Juu za Kusini hawakumfungia. Baada ya Ian Smith na wenzake kujitangazia utawala wao wa walowezi huko Rhodesia tarehe 11 Novemba, 1965, Zambia ilibanwa, kwani njia zake za kwenda baharini zilipita katika nchi za waonevu. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilianza kazi mwaka 1968. Halafu ikajengwa reli ya TAZARA, kilometa 1,860, kwa jasho la Watanzania, Wazambia na Wachina, kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Reli hiyo yapita Makambako, Mbeya na Tunduma, ikivuka mabonde ambayo wataalamu wa Magharibi waliyatazama wakasema haifai. Na wapigania uhuru walipewa makao: ANC ya Afrika ya Kusini ilikuwa na kambi Mbeya, na ZANU ya Zimbabwe ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo huko Mgagao, katika Mkoa wa Iringa.

Hayo yote yalikuwa na gharama, na nchi iliyotoa gharama hiyo ilikuwa maskini. Wanakijiji waliokuwa na mahindi ya kuwatosha wenyewe tu walikubali nchi yao iwe nyuma ya vita vya jirani. Nusu ya kwanza ya fundisho la Mtume s.a.w. ilitendeka hapa, tena ilitendwa na Waislamu, Wakristo na wasio na dini kwa pamoja. Mwenyezi Mungu hapotezi malipo ya mtenda mema.

ALIYEONEWA ANAPOKUWA MWONEVU

Lakini je, nusu ya pili?

Mwaka 1976, katika kambi ile ile ya Mgagao, wapiganaji wa vyama viwili vya Zimbabwe waliokuwa wamewekwa pamoja ili wawe jeshi moja walipigana wao kwa wao, na vijana wa ZIPRA wakauawa. Adui yao alikuwa mmoja, na dhuluma waliyoikimbia ilikuwa moja. Hata hivyo mkono ulionyoshwa dhidi ya Smith ukageuka ukampiga ndugu. Tarehe 18 Aprili, 1980 Zimbabwe ikapata uhuru, na Afrika nzima ikashangilia. Haikupita miaka mitatu, na kuanzia Januari, 1983 Kikosi cha Tano cha jeshi la nchi hiyo huru kikaingia Matabeleland. Raia wasiokuwa na silaha wakapigwa, wakachomewa nyumba, wakauawa. Makadirio yatajwayo mara nyingi hufikia watu 20,000. Mauaji hayo hayakwisha kabisa mpaka vyama viwili vilipopatana mwezi wa Desemba, 1987.

Viongozi wengi wa Afrika waliokuwa marafiki wa wapigania uhuru walinyamaza. Walimwona aliyeonewa jana, wakashindwa kumtambua kuwa mwonevu wa leo. Waliopaza sauti mapema walikuwa wachache, na miongoni mwao ni maaskofu Wakatoliki wa Zimbabwe, waliotoa waraka wao wakati wa Pasaka ya mwaka 1983. Nasi Waislamu hatuoni haya kuwasifu, maana haki haiulizi dini ya aliyeisema. Kurani Tukufu, katika sura Al-Maida, yawaonya waaminio kwamba chuki yao juu ya watu isiwaongoze kuacha uadilifu; na katika sura An-Nisaa yawataka watoe ushahidi wa haki hata ukiwa juu ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Basi kama ushahidi wapasa juu ya mzazi, utakosaje kupasa juu ya rafiki wa vita vya ukombozi?

Yafaa pia tukumbuke kwamba mfano mwema haukukosekana. Mwaka 1975, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala chini ya Idi Amin, Tanzania ilikataa kuhudhuria, kwa kuwa haikuweza kuketi na kumtukuza mtu aliyekuwa akiwaua raia wake. Wengi waliona kwamba si heshima kumwaibisha Mwafrika mwenzetu. Lakini kwa kipimo cha Mtume s.a.w., kumkataza Amin ndiko kulikokuwa kumsaidia.

HASIRA SI HAKI

Hapa inapasa kuonya. Mtu akisikia neno kupinga dhuluma aweza kudhani kwamba ameruhusiwa kila njia. Mkoa wa Iringa wenyewe una somo chungu juu ya jambo hili. Tarehe 25 Desemba, 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alifika shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi. Wakati ule wakulima wa Isimani walikuwa na khofu kubwa juu ya mashamba yao kwa sababu ya mpango wa vijiji vya ujamaa. Maneno yakazidi, na Mwamwindi akampiga Mkuu wa Mkoa risasi akamwua. Kisha yeye mwenyewe akaichukua maiti katika gari mpaka kituo cha polisi mjini Iringa. Mahakama ikamhukumu kifo.

Hatutaki kupima hapa nani aliyeanza kumkosea mwenzake kwa maneno siku ile. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Twataka kusema hivi: nyumba mbili zilibaki na msiba, na khofu ya wakulima haikuondoka. Miaka miwili baadaye ilianza ile kazi ya kuwahamishia watu wote vijijini, na katika sehemu nyingi za nchi watu walihamishwa kwa nguvu. Risasi haikumkinga mkulima hata mmoja. Vile vile mwenye mamlaka naye ana somo lake: jambo lililokusudiwa kuwa la kheri, likilazimishwa kwa ukali, hugeuka kuwa dhuluma machoni pa yule ambaye ardhi ni uhai wake.

WALIOUVUNJA MKATABA

Basi njia iliyo sawa ni ipi? Mtu atauliza: Je, Uislamu hauamuru kuwatii wenye mamlaka? Ndiyo, waamuru. Mwislamu haasi, hachomi moto mali za watu, haivurugi nchi aishimo. Lakini kutii si kunyamaza. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba neno la haki mbele ya mtawala dhalimu ni katika Jihadi zilizo bora. Ndiyo kusema, mtu aweza kuwa raia mtiifu na papo hapo akawa shahidi wa kweli. Wala asiyetoa ushahidi hajakamilisha utii wake kwa Mwenyezi Mungu.

Itazameni tena Makka. Makureshi waliandika mkataba wa kuwatenga Mtume s.a.w. na jamaa zake: wasiuziwe chakula, wasiolewe wala kuoa. Mkataba ukatundikwa ndani ya Al-Kaaba, na watu wakateseka kwa njaa katika bonde la Abu Talib kwa muda wa kiasi cha miaka mitatu. Nani aliyeuvunja? Hakuna upanga uliochomolewa. Mtu mmoja, Hisham bin Amr, ambaye usiku aliwapelekea chakula kwa siri, alimwendea Zuhair, akamwuliza kama anaridhika kula na kuvaa hali wajomba zake wana njaa. Zuhair akasema: mimi ni mmoja, nifanye nini? Akajibiwa: umempata wa pili. Wakamtafuta wa tatu, Mut'im bin Adi, kisha wa nne na wa tano. Asubuhi wakasimama mbele ya watu wote penye Al-Kaaba, mmoja baada ya mwingine, wakaukana mkataba ule hadharani. Abu Jahl akapiga kelele, lakini dhuluma iliyokanushwa na watu watano hadharani haikuweza kusimama tena. Baada ya vita vya Badri, Mtume s.a.w. alisema kwamba lau Mut'im angekuwa hai na kumwombea wale mateka, angewaachilia kwa ajili yake. Mut'im hakuwa Mwislamu, lakini wema wake haukusahauliwa.

Jambo la namna hii limepata kutokea pia Iringa. Tarehe 2 Septemba, 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, polisi walikuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama kimoja cha siasa. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Mkoa wa Iringa, alizingirwa na polisi, akauawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake. Lakini wenzake walikuwapo na kamera zao. Picha walizopiga zikaonekana nchini kote. Waandishi wakaandamana kwa amani kumlilia mwenzao na kudai haki. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2016, mjini Iringa, askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila ya kukusudia.

Wako walioona adhabu hiyo ni ndogo, na wako walioona kwamba waliotoa amri hawakuguswa. Sisi twalitazama jambo moja. Bila ya wale walioshuhudia na kukataa kunyamaza, hata hilo dogo lisingalipatikana. Hawakulipiza kisasi kwa askari yeyote, wala hawakumtupia mtu jiwe. Walisema yale waliyoyaona.

MLANGONI PETU

Sasa twafika penye shida hasa. Mkoa wa Mbeya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitikiswa na habari za watu waliouawa na kuchunwa ngozi kwa ajili ya ushirikina. Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, ililia mwanzoni mwa mwaka 2019, watoto wadogo kadhaa walipochukuliwa na kuuawa, na wenye mamlaka wakataja imani za kishirikina. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za mwaka baada ya mwaka, kimeeleza mauaji ya watu walioshukiwa uchawi, na wengi wao ni wanawake wazee. Nao wale wanaoitwa wananchi wenye hasira kali humwua mtu barabarani kwa kushukiwa kuiba kuku, na kesho yake kila mmoja husema hakuwapo.

Ndugu zangu, Smith amekwisha ondoka, na makaburu wameondoka madarakani. Reli ya TAZARA ingalipo. Lakini yule bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, ambaye mtoto wa jirani akifa yeye hunyoshewa kidole, ni nani aliyeapa kuwa mkono mmoja pamoja naye? Tuliweza kumpokea mgeni wa mbali kwa sababu mwonevu wake alikuwa mgeni vile vile. Huyu bibi mwonevu wake ni mjomba wetu, ni kijana tuliyemlea, pengine ni mganga ambaye sisi wenyewe tumemwendea kwa siri. Hapo ndipo nusu ya pili ya fundisho inapotudai.

Wewe uliyesilimu karibuni, huenda jamaa zako bado wapiga ramli. Usiwatukane, wala usiwakimbie. Hao ndio ndugu zako wa kuwasaidia. Jina la mtu litakapotajwa katika baraza kuwa ni mchawi, sema wazi mbele ya wote kwamba hukubali, na kwamba uhai na mauti yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa polisi kabla ya usiku haujaingia. Ukiona watu wamemzunguka mtu kumpiga, mwite wa pili, na wa pili amwite wa tatu, kama alivyofanya Hisham bin Amr. Ukiitwa mahakamani kuwa shahidi, nenda, hata kama mshitakiwa ni wa ukoo wako. Nawe unayeuchungua Uislamu ukauliza ishara ya ukweli wake, tutazame sisi katika jambo hili. Ukituona tumenyamaza, tukumbushe Mtume wetu alifanya nini nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an.

Huenda utapata hasara. Utaitwa msaliti wa ukoo, na pengine wewe mwenyewe utaitwa mchawi. Hata Mtume s.a.w. aliitwa mchawi na watu wa Makka. Lakini aliye na imani kwamba yuko Mola amwonaye hatachagua salama ya siku chache kuliko ridhaa Yake.

Ewe Mwenyezi Mungu, Mwenye kusikia kilio cha aliyedhulumiwa, tupe moyo wa kumpokea mgeni, ulimi wa kusema kweli, na mkono wa kumzuia ndugu yetu asidhulumu. Na iwapo sisi ndio madhalimu, tuletee ndugu atakayetushika mkono kabla ya siku ile ambayo hakuna awezaye kumsaidia mwenziwe. Amin.